Waliobaki Baada ya 1964: Shule na Yatima wa Sudani Kusini



Tarehe 10 Oktoba Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Daniele Comboni, na siku chache baadaye hufuata Dominika ya Kimisionari. Ni majuma ambayo kila mwaka tunawagawia bahasha na kuwaomba mchango kwa ajili ya nchi za misioni. Mwaka huu, baada ya Misa ya kwanza, mzee mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo alitungoja nje ya sakristia. Bahasha alikuwa nayo mkononi, tupu.

"Baba Paroko," alisema kwa upole, "bahasha hii nimeitoa tangu nikiwa kijana. Tulichangia shule za Sudani, tukachangia yatima wa Sudani. Redioni nikasikia zimepigwa mabomu. Zikajengwa, zikachomwa tena. Sasa naomba kuuliza bila ubaya: sadaka yangu iko wapi?"

Hatukuwa na jibu la kumpa pale pale. Tulimwomba atuvumilie juma moja, naye akakubali, akaikunja bahasha na kuitia mfukoni. Tafakari ya wiki hii ni jibu lake, na kwa kuwa tunahisi hakuwa peke yake katika kujiuliza, tunawashirikisha nanyi nyote.

Habari yenyewe inaanza na makaburi. Vikarieti ya Kitume ya Afrika ya Kati iliundwa na Papa Gregori wa 16 mwaka 1846, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa, tukisema kwa masikitiko, ilikuwa kuwazika watu wake wenyewe. Mwaka 1858 kijana Comboni, padri wa miaka 26 mzaliwa wa Limone kando ya Ziwa Garda, aliwasili pamoja na wenzake katika misioni ya Msalaba Mtakatifu, kandokando ya Mto Nile, katika nchi ya Wadinka. Homa ikawaangusha mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe alirudi Italia mwaka 1859 akiwa mgonjwa. Vituo vikafungwa, na kule Ulaya wengi wakaamua kwamba Mungu hakutaka.

Comboni hakuamua hivyo. Tarehe 15 Septemba 1864, akisali Roma penye kaburi la Mtakatifu Petro, alipata wazo ambalo siku chache baadaye aliliandika na kuliita Mpango wa Kuihuisha Afrika. Kiini chake ni chepesi kueleza: Afrika iokolewe kwa njia ya Afrika. Kama Mzungu hawezi kuishi ndani ya bara, na kama Mwafrika anayepelekwa Ulaya kusoma hufa kwa baridi au hurudi akiwa mgeni kwa watu wake, basi shule zijengwe kuzunguka bara, mahali ambapo wote wawili wanaweza kuishi. Na kutoka humo watoke walimu, mafundi, wauguzi, makatekista, masista na mapadri Waafrika, waingie wao ndani ya nchi yao. Tusifiche kwamba alizungumza juu ya watu wetu kwa maneno ya zama zake, mengine tusingeyavumilia leo. Lakini wakati ambapo wataalamu wa Ulaya walibishana kama Mwafrika ana akili ya kusoma hesabu, yeye alipanga kumkabidhi Kanisa.

Na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa akina nani? Walikuwa yatima, na wengi wao walifanywa yatima na wawinda watumwa. Biashara ya watumwa katika mabonde ya Nile wakati huo iliteketeza vijiji vizima. Watoto waliokombolewa au kutoroka waliletwa misioni, hawana baba, hawana mama, mara nyingine hata jina lao la kwanza wamelisahau, kama alivyolisahau Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Darfur. Mmoja wa watoto hao alikuwa Mdinka aliyetoroka utumwani akakimbilia kwa Comboni huko El Obeid. Alibatizwa Daniel, jina la mlezi wake, akajulikana kama Daniel Sorur Pharim Deng. Alisoma Roma, akapewa daraja ya upadri Kairo mwaka 1887, akafundisha na kuandika, akafariki dunia mwaka 1900. Padri mmoja. Mtu wa mahesabu angesema ni mavuno haba kwa gharama kubwa kiasi kile.

Comboni mwenyewe hakumwona Sorur altareni. Alifariki Khartoum tarehe 10 Oktoba 1881, mwaka ule ule ambao Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi. El Obeid ilianguka mapema mwaka 1883, Khartoum mwaka 1885. Mapadri na masista wakawa mateka kwa miaka mingi, shule zikafutika. Hilo lilikuwa bomoko la kwanza katika hadithi yetu, na mzee wetu aliweke akilini.

Waingereza walipoitwaa Sudani mwaka 1898, wakaitawala pamoja na Misri kwa jina, waliogopa kuwaudhi Waislamu wa kaskazini. Wamisionari wakaelekezwa kusini. Wakomboni walifika Lul kwa Washilluk mwaka 1901, na miaka michache baadaye wakaingia Wau na Bahr el Ghazal. Wapresbiteri wa Marekani walikwisha kufika Doleib Hill, na Waanglikana wakaanza Malek. Serikali iliwagawia maeneo kama mtu anavyogawa mashamba, na kazi nzima ya elimu ikaachwa mikononi mwao. Hapa inafaa kusema ukweli ambao katika historia za Kanisa hupitiwa haraka. Serikali haikuwaachia wamisionari shule kwa kuwapenda. Iliwaachia kwa kuwa ilikuwa rahisi. Kwa miaka mingi haikutoa hata senti, na ilipoanza kutoa ruzuku katika miaka ya 1920 ilikuwa kidogo. Kusini nzima haikuwa na shule ya sekondari hadi ile ya serikali iliyofunguliwa Rumbek mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati kaskazini kulikuwa na Chuo cha Gordon tangu mwaka 1902. Wakomboni wenyewe walikuwa na chuo kizuri, Chuo cha Comboni kilichofunguliwa mwaka 1929, lakini kilikuwa Khartoum.

Jambo jema lilikuwapo pia. Mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf mwaka 1928 uliamua kwamba shule za chini zifundishe kwa lugha za wenyeji: Kidinka, Kibari, Kinuer, Kizande, Kishilluk, Kilotuko na nyinginezo. Mapadri na wachungaji wakaketi na wazee wa vijiji wakaandika kamusi, sarufi na vitabu vya kwanza vya kusoma. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kusini aliona maneno ya mama yake yamechapwa kwenye karatasi. Sisi tuliosoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza huenda hatutambui uzito wa jambo hilo.

Na polepole sana, polepole kupita kiasi, ndoto ya Comboni ikaanza kutimia. Mapadri wawili wa kwanza wa Kusini walipewa daraja mwaka 1944, miaka 80 kamili baada ya ule Mpango. Mwaka 1954 Askofu Sixtus Mazzoldi alianzisha Juba shirika la masista wazalendo, Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mwaka 1955 Ireneo Dud akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mzalendo. Tunajiuliza kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo. Homa haiwezi kuwa jibu lote, kwinini ilikuwapo. Yaelekea wana wa Comboni walipenda shule zao kiasi cha kusahau kidogo kwamba baba yao aliwatuma wazikabidhi. Ni kosa la wazazi wengi.

Basi likaja bomoko la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo kitovu cha habari hii.

Agosti 1955 askari wa Kusini waliasi Torit, na Sudani ilipopata uhuru tarehe 1 Januari 1956 vita vilikuwa vimekwisha kuwashwa. Serikali mpya iliona shule za misioni kuwa chanzo cha mgawanyiko. Mwaka 1957 ilizichukua zote huku Kusini, ingawa shule binafsi za kaskazini ziliachwa. Jenerali Abboud alipotwaa madaraka mwaka 1958 mambo yakakazwa: Kiarabu na Uislamu viwe nguzo za umoja wa taifa. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ikahamishwa kutoka Dominika hadi Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Mwaka 1962 ikatungwa Sheria ya Vyama vya Kimisionari, iliyotaka kila misioni iwe na leseni kwa kila ilichofanya. Ndani ya sheria hiyo kuna kifungu ambacho sisi hukisoma kwa uchungu: hata kumpokea na kumlea mtoto aliyetupwa kulihitaji kibali cha wakuu wa mkoa.

Mwishoni mwa Februari 1964 ikatoka amri ya mwisho. Wamisionari wote wa kigeni wa Kusini, Wakatoliki na Waprotestanti, wapatao 300, waondoke. Walipewa siku chache tu. Wengine walikuwa wamekaa huko miaka 30 au 40 na walikwisha kuchagua mahali pa kuzikwa. Walifunga milango ya shule ambazo hazikuwa tena zao, wakapanda ndege kwenda Khartoum na kutoka huko Ulaya. Wote waliotazama kwa macho ya kibinadamu, tena si maadui tu, walidhani Kanisa la Kusini limezikwa siku ile.

Miezi mitatu baadaye, Mei 1964, kijana mmoja wa Kimadi aliyezaliwa Opari mwaka 1936 alipewa daraja ya upadri. Jina lake Paride Taban. Hakukuwa na mmisionari wa kumshika mkono. Yeye na wazalendo wenzake wachache walirithi nchi kubwa kuliko Ufaransa, yenye vita, isiyo na barabara. Makatekista wengi wao hawakuwa hata na mshahara. Waliendelea kukusanya watoto chini ya miti, kusali nao, na kuwafundisha herufi zilezile za vitabu vya Rejaf. Wale masista vijana wa Juba, shirika lao likiwa na miaka 10 tu, walivuka mpaka pamoja na wakimbizi hadi kaskazini mwa Uganda. Ugenini walifungua nyumba, wakapokea wasichana wa Uganda katika utawa, wakafundisha.

Hapa turuke mbele kidogo, kwa sababu mfululizo wake ni wa ajabu. Mmoja wa wasichana hao wa Uganda waliojiunga na shirika la wakimbizi ni Sista Rosemary Nyirumbe. Mwaka 2001 alikabidhiwa shule ya ushonaji ya Mtakatifu Monika, Gulu, wakati jeshi la Joseph Kony likiteka watoto kila wiki. Mabinti waliotoroka porini walirudi na watoto mgongoni, jamaa zao wakiwaogopa. Sista akawaita waje na watoto wao, wakae, wajifunze cherehani na mapishi. Hivyo shirika lililofukuziwa Uganda kwa vita vya Sudani ndilo likaja kuwa mama wa yatima wa vita vya Uganda. Wale waliosaini amri ya 1964 hawangeweza kuliona hilo hata wangepanda mlima.

Vita vya kwanza vilisimama kwa Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972, ambapo Baraza la Makanisa Duniani na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote walifanya kazi kubwa ya upatanishi. Wamisionari wachache wakarudi, safari hii wakimkuta mwenye nyumba. Mwaka 1983 vita vikawaka upya, na hivi vya pili vilidumu miaka 22.

Hapo ndipo dunia ilipowaona watoto wanaotembea. Kuanzia mwaka 1987 makundi ya wavulana, wapatao 20,000 kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, walikimbia vijiji vilivyochomwa vya Bahr el Ghazal na Nile ya Juu kuelekea Ethiopia kwa miguu. Wengi walikuwa wakichunga ng'ombe mbali na nyumbani siku ya shambulio. Ndiyo sababu walikuwa hai na ndiyo sababu walikuwa peke yao. Katika kambi ya Pinyudo walisoma wameketi chini, wakiandika mchangani kwa vidole. Serikali ya Mengistu ilipoanguka Mei 1991 walifukuzwa tena, na kwenye Mto Gilo wengi wakafa kwa maji, risasi na mamba. Mwaka 1992 waliobaki walivuka mpaka wa Kenya, wakapewa mahali pa vumbi na jua kali huko Turkana, panapoitwa Kakuma.

Kwa haki tuseme kwamba wengi wa vijana hao walibatizwa na wachungaji wa Kianglikana waliotembea nao. Injili ilikuwa imekwisha kuwafikia kabla padri yeyote hajafika Kakuma. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka 1993 na kuanza walichokijua zaidi: karakana. Uashi, useremala, uchomeleaji, ushonaji. Kijana ambaye tangu utotoni alikuwa amepokea tu, chakula cha mgao, blanketi la mgao, aliweza kushika mwiko na kusimamisha ukuta ulionyooka. Shule za kambi zilifuata mtaala wa Kenya, hivyo wengi wa watoto hao wa Kidinka na Kinuer walijifunza Kiswahili pia, na leo ukifika Juba utawakuta maofisini na madukani wakikisema vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapatao 3,800 kati yao walipelekwa Marekani. Hao ndio vitabu na filamu vilivyowaandika. Waliobaki hawakuandikwa, na katika hao walitoka walimu wengi wa nchi.

Wakati huohuo, waliokimbilia kaskazini walijikuta kwenye majangwa ya pembezoni mwa Khartoum. Jimbo Kuu la Khartoum chini ya Askofu Mkuu Gabriel Zubeir Wako, ambaye mwaka 2003 alifanywa Kardinali, lilianzisha katika miaka ya 1980 mpango wa shule za wakimbizi wa ndani, ulioitwa kwa maana ya "tuokoe wale wanaoweza kuokolewa." Jina gumu, lakini la kweli. Madarasa yalikuwa ya magunia na fito, walimu wakiwa wakimbizi wenyewe. Serikali ilipitisha matingatinga mara kwa mara kwa kisingizio cha mipango miji. Shule ikibomolewa Jumatatu, watoto walisoma juani Jumanne.

Tulitaka kupita bila kutaja Kauda, lakini mzee wetu aliuliza juu ya mabomu. Kauda iko katika Milima ya Nuba, ambayo hata baada ya mgawanyo wa nchi imebaki upande wa Sudani. Askofu Macram Max Gassis wa El Obeid, akiwa uhamishoni, alifungua huko shule ya Msalaba Mtakatifu. Jina hilo mmelikumbuka: ndilo la misioni ile ya 1858. Asubuhi ya tarehe 8 Februari 2000 darasa la kwanza lilikuwa chini ya mti, katika somo la Kiingereza, ndege ya Antonov ilipodondosha mabomu. Watoto 14 walikufa siku ile pamoja na mwalimu wao, na wengine waliojeruhiwa wakafuata. Miili ikazikwa pale pale. Shule haikufungwa. Wazazi ndio waliokataa isifungwe, watu ambao wengi wao hawakujua kusoma.

Kuna jambo jingine wamisionari walilojifunza katika miaka hiyo, na linafaa kusemwa kwetu pia tunaopenda kujenga vituo vya yatima na kuweka vibao vyenye majina ya wafadhili. Kwa Wadinka na jirani zao, mtoto aliyefiwa na baba bado ni mtoto wa ukoo. Jina la marehemu haliachwi lipotee. Kumtoa katika ukoo na kumweka kwenye bweni la wageni kwaweza kuwa kumfanya yatima mara ya pili. Palipokuwa na shangazi au babu aliyebaki, msaada bora ulikuwa shule yenye chakula cha mchana karibu na kwao. Palipokuwa hakuna mtu kabisa, ndipo nyumba ilipohitajika. Kwa wasichana hesabu ilikuwa tofauti tena. Binti yatima ni mahari ya ng'ombe kwa ajili ya wajomba na amu, na mara nyingi hakufika darasa la tano. Ndiyo maana Jimbo la Torit lilifungua huko Narus, karibu na mpaka wa Kenya, shule ya wasichana kwa jina la Mtakatifu Bakhita, ingawa mji huo nao ulikuwa ukipigwa mabomu.

Askofu Cesare Mazzolari, Mkomboni aliyeongoza Rumbek tangu mwaka 1990, aliliona hilo kila siku. Aliwaita Masista wa Loreto, ambao mwaka 2008 walifungua Rumbek sekondari ya bweni kwa wasichana. Walei na ndugu wa binti huweka ahadi kwamba hawatamtoa kumwoza kabla hajamaliza. Wakati shule inaanza, takwimu za serikali zilionyesha kwamba ni asilimia 27 tu ya watu wazima wa Kusini waliojua kusoma na kuandika, na kwa wanawake asilimia 16. Askofu Mazzolari aliiona nchi ikizaliwa tarehe 9 Julai 2011. Juma moja baadaye, tarehe 16 Julai, alianguka akiadhimisha Misa asubuhi, akafariki.

Hakuona yaliyofuata, na pengine Mungu alimhurumia. Desemba 15, 2013, wana wa nchi hiyo hiyo waligeuziana bunduki Juba. Malakal, Bor na Bentiu zikachomwa. Julai 2016 vita vikarudi Juba na kuenea hadi Yei na Equatoria yote. Mkataba wa Septemba 2018 ulipunguza mapigano bila kuyamaliza. Safari hii hatukuweza kumlaumu Mwarabu wala Mzungu. Waliochoma shule walikuwa wamefundishwa katika shule hizo, baadhi yao kwa mikono ya mapadri na wachungaji. Hili ndilo swali ambalo mzee wetu hakuliuliza, labda kwa adabu, nasi hatuna jibu lake. Shule iliwapa herufi. Herufi zinaweza kuandika hati ya amani na zinaweza kuandika amri ya kuua.

Tarehe 15 Agosti 2021 parokia ya Loa, katika nchi ya Wamadi, iliadhimisha miaka 100. Masista kadhaa wa Moyo Mtakatifu walihudhuria. Kesho yake, katika barabara ya Nimule kwenda Juba, watu wenye silaha walilivamia basi lao. Waliuawa Sista Mary Daniel Abut na Sista Regina Roba. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Juba na aliwahi kuliongoza shirika. Wa pili alikuwa mkufunzi katika chuo cha wauguzi cha Kanisa huko Wau. Wote wawili wazalendo, wa shirika lile lililovuka mpaka likiwa na umri wa miaka 10.

Naye Paride Taban, yule padri wa Mei 1964? Alikuwa Askofu wa Torit tangu mwaka 1983. Mwaka 1989 mji ulipotwaliwa na waasi alishikwa pamoja na mapadri wenzake, akaachiwa baada ya miezi kadhaa, akarudi kazini. Mwaka 2004 aliomba kupumzika, na mwaka 2005 akaenda kuishi Kuron, pembe ya mashariki kabisa, mahali ambapo Watoposa, Wamurle, Wajie na Wakachipo walikuwa wakiibiana ng'ombe na kuuana kwa vizazi. Alijenga kwanza daraja la mto, kisha zahanati, kisha shule, akawaweka watoto wa makabila hayo kwenye dawati moja, akalima bustani kwa mikono yake ili Watoposa waone mboga zinavyoota. Alikiita Kijiji cha Amani cha Utatu Mtakatifu. Alifariki Nairobi tarehe 1 Novemba 2023, Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Dominika iliyopita mzee wetu alikuja tena penye sakristia kama tulivyopatana. Tulimsimulia kwa kifupi haya mliyoyasoma. Alisikiliza kimya, na kwa Kauda alivua kofia. Kisha akauliza Kuron iko upande gani ukitokea Lodwar, kwa maana ujanani aliwahi kufanya kazi ya utingo kwenye malori ya Turkana. Tulimchorea ramani nyuma ya bahasha yake: Lodwar, Kakuma, Lokichoggio, mpaka, Narus, Kapoeta, halafu mashariki. Akaitazama sana, akasema barabara hiyo ni mbaya wakati wa mvua, akaomba apewe bahasha nyingine kwa ajili ya sadaka, kwani hii yenye ramani angependa kubaki nayo.

Bahasha zimo kwa makatekista na kwa wenyeviti wa jumuiya. Zirudishwe ifikapo Dominika ya Kimisionari, Misa ya pili.